Vibao Kumi na Viwili

Seremala alipanda juu ya meza akagonga boriti kwa mpini wa nyundo. Karibu na ukuta boriti ilijibu kwa sauti kavu, kama mbao nzima inavyojibu. Alipofika katikati ikatoa sauti ya papai lililoiva. Alitoa bisibisi mfukoni, akaisukuma kwa kidole kimoja tu, na bisibisi ikazama yote hadi kwenye mpini.

Mkewe alikuwa chini, ameishikilia meza isiyumbe. Unga wa mchwa ulimdondokea kwenye kitambaa cha kichwani.

"Wamekula sana, Baba watoto?"

"Usiulize wamekula nini. Uliza wamebakiza nini."

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi mtaa wao ulikuwa na ziara ya nyumba za kale. Wenye nyumba sita walikuwa wamekubali kufungua milango yao ili watu waingie waone, na pesa za tiketi zikatengeneze paa la maktaba. Nyumba hii ilikuwa ya nne katika orodha, na sifa yake kubwa ilikuwa sebule ya ghorofani, iliyochongwa dari nzima maua na ndege. Boriti ile ndiyo iliyobeba sakafu ya sebule.

Mwenye nyumba alikuwa mganga wa meno mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari. Yeye alikuwa amehamia kwa binti yake. Seremala, mkewe, watoto wao wawili na mama yake Seremala waliishi vyumba viwili vya nyuma, bila kodi, kwa sharti la kufagia, kukarabati na kulinda. Mkewe alipiga pasi nguo za watu, hivyo akaitwa Mama Pasi. Mama mkwe aliitwa Bibi Foleni, kwa kuwa alisimamia foleni ya bomba la mtaa kwa miaka kumi na minane, na hakuna ndoo iliyowahi kuruka mbele ya nyingine yeye akiwa macho.

Wote watatu walikuwa wamejitolea kusaidia siku ya ziara. Mama Pasi ndiye aliyetangulia. Mwenyekiti wa kamati alipouliza nani anaweza kuwasomea wageni historia kwa sauti, alinyoosha mkono kabla hajajua ameunyoosha. Alikuwa amemaliza masomo ya jioni mwaka uliopita, mtu mzima mwenye watoto, na kusoma mbele za watu ni jambo alilokuwa amemwomba Mungu kwa siri, kama wengine wanavyoomba nyumba.

Sasa alitazama tundu la bisibisi.

"Lazima aambiwe," alisema.

"Ataambiwa."

* * *

Daktari alikuja Ijumaa asubuhi. Hakupanda mezani. Alitazama boriti akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kulia, mikono nyuma, kama mtu anayetazama mdomo wa mgonjwa asiye wake.

"Nyumba hii imesimama miaka mia na kumi, fundi. Itachagua kuanguka kesho?"

"Haichagui, Daktari. Imechoka tu. Niruhusu nitie nguzo mbili hapa katikati."

"Chumba hiki nacho kinatembelewa. Watu watapiga picha. Nitie magogo katikati ya chumba cha kulia, kama machimbo?" Akashusha sauti. "Unajua kuzungushia mbao? Boksi zuri, lenye rangi ya zamani?"

"Najua. Lakini boksi halibebi kitu."

"Sikukuuliza linabeba nini. Na tusianze kupiga kelele. Mkaguzi wa majengo akisikia neno boriti, hatauliza ni ipi. Atafunga nyumba yote, mbele na nyuma. Mimi nina pa kwenda. Ninyi mnaye nani?"

Mama Pasi alikuwa chumbani kwao akipiga pasi shati la mtu. Alisikia kila neno kupitia mlango, na mkono wake ukasimama mpaka harufu ya kitambaa kinachoungua ikamshtua.

Seremala alifanya kazi ile siku nzima, na kwa kuwa hakujua kufanya kazi mbaya, aliifanya vizuri mno. Alizungushia boriti mbao nyembamba, akazipaka chai nzito na masizi mpaka zikafanana na mbao za mababu. Jioni Mwenyekiti alipopita kukagua, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliinua kichwa akatabasamu.

"Tazama kazi za watu wa zamani! Siku hizi mafundi kama hawa hawapo."

"Kweli," alisema Seremala, akitazama viatu vyake.

Mwenyekiti aliendelea na ukaguzi hadi uani. Aliomba kamba ya nguo ishushwe. Aliomba pazia litundikwe kwenye mlango wa vyumba vyao, ili wageni wasione majiko. "Si kwamba ni vibaya," alisema, "ila haviendani na enzi ya nyumba." Kisha akampa Mama Pasi karatasi mbili zilizopigwa chapa, akamtaka asome aya ya kwanza papo hapo. Mama Pasi alisoma. Alikwama kwenye neno "usanifu", akalirudia, akalipita.

"Vizuri. Na usiseme 'tunaishi hapa'. Sema 'nyumba hii'."

"Nyumba hii," Mama Pasi alirudia.

Mwenyekiti alipoondoka, Seremala alikaa kwenye kizingiti na mabaki ya ubao, akakata vibao vidogo kumi na viwili, akavipiga msasa na kuvitoboa tundu.

"Sakafu ile, watu kumi na wawili wataweza kusimama," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini. "Wakizidi, sijui. Kila anayepanda anachukua kibao. Akishuka anarudisha. Vibao vikiisha, hapandi mtu."

"Nani atavigawa?"

"Nani mwingine?"

Bibi Foleni aliitwa. Alivihesabu vibao mara mbili, akavipanga kwenye sahani, akafurahi kama aliyerudishiwa kazi yake ya zamani.

"Kumi na viwili, na wasizidi?"

"Wasizidi hata kimoja, mama."

"Kwani kuna nini huko juu?"

Seremala na mkewe walitazamana. Bibi alikuwa na presha, na wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu aanguke bafuni.

"Utaratibu tu, mama," alisema Seremala. "Wasisongamane."

"Utaratibu ninaujua kabla hujazaliwa," alisema Bibi, akabeba sahani yake.

* * *

Jumamosi, kabla ya saa mbili, Mama Pasi aliwapeleka watoto wake wawili kwa dada yake, mitaa mitatu mbali. Dada alishangaa. "Siku ya sherehe ya kwenu, unawaleta huku?" Mama Pasi alijibu kwamba wangekuwa usumbufu. Njia nzima ya kurudi aliomba, lakini maneno hayakukaa sawa, kwa sababu Mungu alijua sababu ya kweli, na yeye alijua kwamba Mungu anajua.

Milango ilifunguliwa saa tatu. Alisimama pembeni mwa sebule ya juu, beji ya kujitolea kifuani, karatasi mkononi. Waliingia wanane, wengine wakaketi, wengine wakasimama, akasoma. Hakukwama popote. Kikongwe mmoja alimwambia, "Una sauti ya redio, mwanangu." Kwa nusu saa alisahau kabisa. Watu walipanda, walishuka, vibao vikagongana vidoleni mwao, na chini ilisikika sauti ya Bibi Foleni:

"Wewe mwenye kofia, hapa si harusini kwa dada yako! Rudi nyuma ya huyu mama!"

"Bibi, mimi nimefika kwanza."

"Umefika kwanza wapi? Nimekuona unashuka kwenye pikipiki sasa hivi. Rudi!"

Karibu na saa tano watu wakaongezeka. Mama Pasi alikuwa katika ukurasa wa pili alipoona kwamba hauoni tena ukuta wa pili. Aliinua macho. Akaanza kuwahesabu huku midomo yake ikiendelea kusoma. Kumi. Kumi na watano. Ishirini na wawili, na wengine wanaingia.

Haiwezekani, aliwaza. Vibao ni kumi na viwili.

Mbele yake alisimama baba mmoja mnene, mke wake, mama yake, na watoto sita wa vimo sita. Kwenye kidole cha baba kilining'inia kibao kimoja. Kando yao walikuwa akina mama watano waliovaa vitambaa vya rangi moja, kikundi cha kwaya, na mmoja wao ameshika kibao kimoja. Kutoka ngazini sauti ya mama mkwe ilipanda, ya furaha, isiyo na shaka hata chembe:

"Mmekuja wangapi? Saba? Nyumba moja hiyo. Kibao kimoja, nyumba moja! Pandeni, Mungu awazidishie."

Ndivyo bomba la mtaa lilivyoendeshwa kwa miaka kumi na minane. Kadi moja, nyumba moja. Mwenye watoto kumi hakuchukua nafasi kumi katika foleni, na aliyeishi peke yake hakudharauliwa. Hiyo ndiyo haki aliyoijua Bibi Foleni, na hakuna aliyemwambia kwamba leo hesabu haikuwa ya haki bali ya uzito.

Mama Pasi alifika arobaini na watatu, akaacha kuhesabu.

Alitaka kupiga kelele. Lakini mlango ulikuwa mmoja, upande wa kushoto, na akipiga kelele wote wangekimbia kuuelekea, na njia fupi ya kuuelekea ilipita katikati kabisa ya sakafu.

Ndipo Daktari alipoingia. Alivaa suti, na uso wake uling'aa kwa sifa alizokuwa akipokea tangu asubuhi.

"Karibuni, karibuni! Sogeeni katikati mwone dari vizuri. Msiogope, hizi si mbao za dukani. Watoto, hebu rukeni! Rukeni msikie mbao za zamani zinavyolia!"

Watoto hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Wale sita waliruka kwa pamoja, wakicheka. Sakafu ilitoa mlio mfupi, wa chini, kama mtu anayejizuia kukohoa.

"Tena!" alisema mmoja.

Chini, katika chumba cha kulia, Seremala alikuwa akiwaonyesha wanandoa wazee kabati la vyombo. Alisikia mlio ule, akainua macho. Boksi lake zuri lilikuwa limefunguka kwenye kiungo, na vumbi la kahawia lilimiminika kutoka humo likimwagika mezani, taratibu, kama chumvi. Aliwaomba wazee watoke. Mzee alitaka kumaliza kuangalia sahani. Seremala alimshika bega akamsukuma nje, akafunga mlango kwa ufunguo, akakimbilia mlango wa uani alikoficha nguzo moja, kwa kuwa usiku wa Ijumaa hakuweza kulala bila kuiandaa. Aliisimamisha chini ya boriti, akaigongea kabari. Kwa haraka nyundo iliikosa kabari ikampiga gumba. Nguzo moja. Hakuwa na ya pili. Akapanda mezani, akaweka bega lake.

Juu, Mama Pasi aliwatazama watoto wa watu. Wa kwake walikuwa kwa dada yake, mitaa mitatu mbali, wanakula mkate. Aliona hilo wazi kuliko kitu chochote alichowahi kuona. Alimwambia Mungu neno moja tu, "Nisamehe," wala hakujua kama alikuwa anaomba msamaha kwa lililopita au kwa analotaka kufanya. Kisha akainua karatasi, akasoma kwa sauti ya juu, ile ya redio.

"Wakazi wa kwanza wa nyumba hii walikuwa na desturi moja."

Watu waligeuka. Watoto nao walisimama.

"Mgeni wa sebule hii hakukanyaga katikati. Alipomaliza kutazama, alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Kisha alitembea kando ya ukuta, polepole, bila kusema neno, mpaka mlangoni. Mmoja mmoja. Watoto walishikwa mkono, na hakuna aliyeruka. Waliamini kwamba atokaye hivyo hutoka na baraka ya nyumba."

Karatasi haikuwa na neno hata moja la hayo.

"Leo nasi tutawaenzi kwa kufanya hivyo," alisoma. "Kila mmoja arudi nyuma, aguse ukuta."

Kulikuwa na kicheko kidogo cha raha. Akina mama wa kwaya walirudi nyuma wa kwanza, wakanyooka kama wanaosubiri kuimba. Baba mnene aliwakusanya wanawe.

"Mama," Daktari aliita, akitabasamu kwa meno tu. "Hiyo haimo kwenye karatasi."

"Imo, Daktari. Ukurasa wa pili." Alimtazama machoni, hakupepesa. "Nawe umesimama katikati."

Tabasamu likamtoka Daktari. Alitazama chini, kwenye viatu vyake vya kung'aa, kisha akatazama wale arobaini na watatu. Akarudi nyuma hatua moja, halafu ya pili, mpaka akagusa ukuta, na jasho likamchomoza juu ya mdomo.

Walitoka. Mama Pasi hakuwahi kujua kwamba sebule inaweza kuwa ndefu hivyo. Kikongwe mmoja alisimama njiani kupumzika, na wote nyuma yake wakasimama, na sakafu ikalia tena. Mtoto mdogo kabisa aliuachia mkono wa mama yake na kuchungulia katikati, ambako hapakuwa na mtu sasa na palipendeza kuchezea. Mama Pasi alisoma, "Na mtoto hakuuacha ukuta," sauti yake ikapanda kidogo kuliko alivyotaka, na mama akamvuta. Alisoma mpaka wa mwisho akatoka. Kisha akatembea mwenyewe kando ya ukuta, na alipofika ngazini akakaa kwenye kidato cha juu.

* * *

Chini, Mwenyekiti alimpokea kwa makofi.

"Desturi ile nilikuwa siijui! Umeitoa wapi? Wageni wameipenda mno. Kuna kundi jingine. Bibi, anza kugawa."

Seremala alitoka chumba cha kulia, mweupe kwa vumbi kutoka nywele hadi mabega. Alimsogelea mkewe akamnong'oneza, "Nguzo imeshika. Kumi na wawili wa kweli, itabeba. Nadhani."

"Unadhani?"

Seremala alifuta vumbi machoni.

Daktari naye alikuwa amefika, upande wa pili. "Tupandishe wachache wachache, tumalize siku," alisema kwa sauti ya chini. "Jumatatu nitaita fundi mkubwa. Usifungue mdomo, Mama Pasi. Fikiria wanao watalala wapi leo."

"Wanangu wako kwa dada yangu, Daktari. Niliwapeleka asubuhi, nikawaacha wa wenzangu wapande." Alisimama akishika ukingo wa ngazi. "Niache."

Akaligeukia kundi lililokuwa mlangoni, na lile lililokuwa limeshuka, ambalo bado lilikuwa likipiga picha ukumbini.

"Hakuna desturi," alisema. Sauti ya redio ilikuwa imekwisha. Hii ilikuwa ya kawaida, na ilikwaruza. "Nimeitunga. Boriti ya sakafu imeoza katikati. Tafadhali tokeni nje. Asipande mtu."

Kisha baba mnene akaja mbele, mtoto mdogo begani.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu Alhamisi."

"Ulisimama pale unatusomea, na unajua?"

"Nilijua."

"Wanangu waliruka!" Alipaaza sauti. "Wewe ni mtu wa namna gani?"

Mke wa yule baba alimtazama Mama Pasi kwa muda mrefu, akamvuta mumewe mkono, wakatoka. Mwenyekiti alinyoosha vidole viwili, akaifungua beji kifuani pa Mama Pasi bila kumgusa ngozi, akaitia mfukoni. Akatoa simu, akampigia mkaguzi.

Bibi Foleni alikuwa ameketi vilevile kwenye kiti chake, sahani mapajani. Alimtazama mwanawe, kisha mkwewe.

"Kwa hiyo ni mimi niliyetaka kuua watu."

"Si wewe, mama," alisema Seremala. "Tuliogopa presha yako."

"Presha yangu ninaimezea vidonge. Mngeniambia ni uzito, ningehesabu miguu. Mliniambia ni foleni, nikapanga foleni." Alifunika sahani kwa kiganja. "Nimewaambia wale watoto Mungu awazidishie. Kwa mdomo wangu huu."

Mama Pasi alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono.

* * *

Mkaguzi alifika saa saba, kijana mwenye sauti ya upole na tochi kubwa. Alikaa na boriti dakika tano tu. Alisema nguzo ile ndiyo iliyokuwa imeshikilia sebule nzima, na alipouliza nani aliiweka, Seremala aliinua gumba lililovimba. Mkaguzi alisema pia kwamba nyumba inafungwa yote, mbele na nyuma, na mtu asilale humo. Wana hadi saa kumi na mbili jioni watoe vitu vyao.

Daktari alitoa maelezo yake ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katika ya tatu, fundi hakuwa amemwambia chochote.

Vitu vilitoka uani hadi kando ya barabara. Magodoro mawili, cherehani mbovu, jiko, mafurushi ya nguo za watu zilizopigwa pasi na ambazo bado, ndoo, picha ya harusi. Bibi Foleni aliketishwa juu ya sanduku, na hata hapo alikuwa akiwaelekeza waliobeba nani atangulie. Watu wa ziara walipita barabarani kuelekea nyumba ya tano, wakatazama, wakatazama pembeni.

Mkaguzi alimwita Mama Pasi atoe maelezo. Kijana aliyaandika mwenyewe kwenye fomu iliyowekwa juu ya meza ya pasi, akamsomea ili athibitishe. Mama Pasi aliichukua ile fomu akaisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, wala hakuruka kitu, hata pale palipoandikwa kwamba alijua.

"Bado nafasi moja sijajaza," alisema mkaguzi. "Makazi yako. Nikuandike unaishi wapi?"

Seremala aliacha kufunga kamba. Bibi aliinua kichwa. Mama Pasi alitazama mlango wa vyumba vyao, ambao pazia la Mwenyekiti lilikuwa bado limeufunika, kisha akatazama saa ya mkononi ya yule kijana. Ilikuwa saa tisa kamili.

"Andika hapa," alisema. "Bado tuna saa tatu."